Niliziba kila tundu la nyumba ili mbu wasimguse Mama, kumbe nilimfungia ndani na sumu ya makaa

Wakuu, nawasalimu wote kutoka hapa Bujumbura.

Uzi huu nimeufuta mara nne kabla ya kuutuma, kwa sababu kila nikiusoma naona sentensi mbaya. Leo nautuma hivi hivi. Yote yaliyomo yalitokea kwetu, na pale nilipokuwa mjinga nimepaacha nionekane mjinga.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita. Nafanya kazi Rohero, kwenye kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Naishi na Mama, sisi wawili tu, Kinindo, upande wa ziwani. Msidhani tuna villa. Villa ni ya mwenye nyumba, sisi tumepanga vyumba viwili nyuma kabisa ya ua wake.

Mwaka jana Mama aliugua malaria ikampanda kichwani. Tulilala hospitalini siku tisa. Akiba niliyokuwa nimeiweka ninunue kompyuta yangu mwenyewe iliishia kwenye dawa na serumu, zile dripu za mshipani. Pesa sikuijutia. Kilichonibakia ni hofu. Nikisikia mbu mmoja tu chumbani, moyo unanienda mbio.

Basi nikaamua kwetu mbu hataingia tena.

Nyumba nyingi za hapa zina yale matofali ya matundu juu ya madirisha, tunayaita claustra. Nilijifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni namna ya kuziba. Nikanunua silikoni na plastiki nene, na kwa wiki mbili kila nikitoka kazini nilipanda juu ya meza. Nikaziba claustra zote. Nikaziba pale bati linapokutana na ukuta. Chini ya mlango nikapigilia kipande cha mpira wa tairi. Mstari wa silikoni ukipinda kidogo, naubandua naanza upya.

Halafu nikatunga sheria: kuanzia saa tisa alasiri, mlango na madirisha vinafungwa. Niliichapa kazini kwa herufi nzito nikaibandika ukutani. Chekeni tu.

Mama aliisoma, akaguna, akasema, "Sawa, chef," yaani bosi.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia.

Sisi tunapikia nje, kwenye kibanda cha bati. Mvua zilipozidi, maji yakawa yanajaa kibandani, kwa hiyo imbabura, yaani jiko letu la makaa, ikahamia ndani kwenye kona ya sebule. Makaa yakishashika vizuri hayatoi moshi, nikaona hakuna shida. Mimi niliyehangaika na tundu la ukubwa wa mbu, hili sikulifikiria hata dakika moja.

Haukupita muda Mama akaanza kuumwa kichwa. Kichefuchefu, miguu mizito. Nilichowaza ni malaria tu. Nilimpeleka kupimwa mara mbili, na mara zote mbili hawakuona kitu. Badala ya kujiuliza, nikarudi nyumbani kutafuta tundu nililolisahau. Nikalipata moja nyuma ya kabati, nikaliziba.

Nilikuwa na daftari la hali yake: joto la mwili, alichokula, kichwa kinaumaje. Daftari lilionyesha wazi kwamba Jumapili ndiyo siku mbaya. Nikasema ni uchovu wa kusimama kanisani.

Jumapili moja mvua ilikuwa inanyesha, na maharage yalikuwa motoni tangu saa nane. Saa tisa kamili nikafunga. Jioni ilipokaribia nilikuwa nakunja nguo, kichwa kinanigonga, Mama amekaa anachambua mchele. Akanyanyuka aongeze maji kwenye sufuria, akapiga magoti. Nilidhani ameangusha kitu anakitafuta. Kisha akalala kabisa, shavu kwenye saruji.

Nilipokwenda kumshika, miguu yangu nayo ikakataa. Nilifika mlangoni kwa kutambaa, na ule mpira nilioupigilia chini ukaubana mlango. Ulikuwa umekaa vizuri mno, wakuu. Niliuvuta kwa mikono miwili huku nalia, ukafunguka, nikapiga kelele.

Aliyekuja ni Baba Shabani, fundi wa magari anayepanga chumba jirani na chetu. Alimbeba Mama hadi barazani. Akarudi ndani, akatoka na imbabura na sufuria juu yake, akavitupa vyote kwenye mvua. Halafu akasimama mlangoni anatazama kuta zangu.

"We dada, hii nyumba inapumulia wapi?"

Nikamwambia niliziba kwa sababu ya mbu.

"Mi kwa garage siwezi kuwasha moteur na mulango ya kufunga. Makaa ni vile vile. Hewa yake inaua na haina harufu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Alitupeleka kituo cha afya kwa gari la mteja wake. Mama akawekewa oksijeni. Muuguzi aliuliza tunapikia wapi, na nilipomjibu akaacha kuandika. Alisema tungechelewa kidogo tu, wangetukuta wote wawili pale chini.

Kesho yake asubuhi Mama alikuwa anaongea vizuri. Nikamwambia ukweli, kwamba si ugonjwa, ni mimi. Nilitaka anigombeze.

"Nilijua ni nyumba," akasema.

Nikamwuliza alijuaje.

"Siku za kazi, ukisha toka, mi nafungua mulango na madirisha, napika na hewa. Nikisikia sauti yako kwa portail, kwa geti, nafunga. Kichwa inapona. Lakini siku ya Mungu, Jumapili, uko hapa, siwezi fungua."

"Sasa Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia aje, mwanangu? Musitari kidogo ikipinda ulikuwa unalia. Nilisema apana, acha nivumilie kichwa, itazoea."

Wakuu, hapo ndipo nilipolia kweli.

Kwa hiyo ya kwanza: msiingize jiko la makaa kwenye nyumba iliyofungwa, hata kama mvua ni kubwa, hata kama moshi hauonekani. Kichwa kikikuuma ndani na kikapoa ukitoka nje, toka na wenzako wote. Mbu zuieni kwa chandarua na wavu. Claustra zangu sasa zina wavu, nao umekaa upande upande.

Ya pili ndiyo inayonisumbua bado. Nilidhani namlinda Mama, na yeye alikuwa ananilinda mimi nisiumie moyo, hadi akaanguka. Nilikuwa mtu asiyeambiwika ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Juzi ameniambia chumvi imezidi kwenye lengalenga, yaani mchicha, nilizopika. Maelezo ya kujitetea yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza, nikamwambia asante.

Semeni nami hapa chini, hata mkinilaumu. Na kabla hujaandika, hebu fikiria: kwenu ni nani anayesubiri utoke ndipo afungue dirisha?