Nusu Kijiko

Juzi, kwenye duka la dawa mjini, nilimwona mama akipokea chupa, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mwalimu wa kijijini Kigoma kabla hajasomea udaktari. Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, alirudi nyumbani kwetu Umbilo, mtaa wa ugenini kusini mwa Afrika, amechoka, ananuka spiriti ya hospitali, akamkuta jirani yetu Mkongo, Mama Furaha, amebeba kichanga chenye homa. Akakipima, akampa mama yake dawa, akamweleza namna ya kuitumia.

"Rudia, mama."

"Kijiko moja, mara... mbili?"

"Hapana. Rudia."

"Eish, dokta! Mimi niko mtoto ya masomo?"

Nilidhani ni mtihani. Leo najua kijiko kizima kingemdhuru yule mtoto. Nami sikuweza kuona mtihani nikanyamaza. Nikapaza sauti: "Nusu kijiko, mara tatu, siku tano!" Nikangoja sifa.

"Umepatia," alisema bila kunitazama. "Lakini si wewe utakayempa dawa. Rudia, mama."

Nilijifungia chooni nikilia kwa hasira. Nilimsikia Mama Furaha akikosea tena, na tena, na sauti ya baba, nzito kwa uchovu, haikupanda hata mara moja. Hatimaye akapatia.

"Vema sana," baba akamwambia.