Karani wa Maktaba na Mama Mkwe

"Eti karani wa maktaba mpya hapo makumbusho haogopi mtu?" Awuor alimwuliza jirani yake Agneta, mfagizi wa humo. Agneta alifunika mdomo asicheke. Ni kweli karani hufuta miwani kwa ncha ya tai, akakohoa mara mbili, na hata maprofesa hunyamaza. Lakini likizo ya Agosti 1974, bibi aliyeitwa kufundisha watoto kufinyanga vyungu aliingia maktabani kutazama picha za mitungi. Alikuwa mama mkwe wa karani, na huku ziwani mwanamume hakutani na mama mkwe ovyo. Karani alichutama nyuma ya kabati asubuhi nzima. Bibi akafunua kurasa polepole, kisha akamwuliza mfagizi: "Agneta, humu mna panya anayekohoa?" Hatimaye karani akanong'ona, "Agneta, tafadhali mtoe nje kidogo. Nimebanwa na haja."