Wanataka Niseme Kanisani Alikufa Akipigana na Moto

Admin, nifiche jina, na kituo chetu pia usikitaje, maana Nakuru tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mtoto mmoja, naishi mtaa wa Section 58. Kazi yangu ni zimamoto. Nikisema hivyo watu hucheka, wananiuliza kama mimi ndiye hubeba ndoo. Nimezoea. Siandiki haya nikilia, mjue hilo kwanza. Tangu Baba Neema afariki sijatoa chozi hata moja, na hilo lenyewe linaniogopesha.

Baba Neema ndiye tuliyekuwa tukikaa naye kiti cha nyuma cha gari la zimamoto. Nilipohamia hapa sijui mtu, yeye na mkewe ndio walinitafutia nyumba kwenye ploti yao. Mpaka leo Mama Neema ndiye hubaki na mtoto wangu nikiwa kazini. Kwa hivyo msione ni mfanyakazi mwenzangu tu aliyekufa. Alikuwa mtu wangu.

Niwaeleze vile sisi huondoka. King'ora kikilia hakuna anayevalia chini. Unarusha koti na buti ndani, unapanda, gari linatoka, unavalia njiani. Ni desturi ya kituo na tunaionea fahari sana. Wa mwisho kumaliza kuvaa ndiye hununua chai tukirudi. Sasa ile suruali nzito huwezi kuivaa ukiwa umefunga mshipi wa kiti, lazima usimame, kwa hivyo kwenye magari yetu yote mawili mishipi ilirudishwa nyuma ya viti ikapigwa fundo isitusumbue. Mimi ni mfupi, miguu haigusi chini, dereva akikanyaga breki nateleza kama sabuni. Nikafungua wangu. Nilikuwa nafunga mshipi nakaa, navaa tukifika. Wakanibatiza Abiria. "Abiria, umelipa fare?" Baba Neema angeniuliza, na gari zima linaangua kicheko. Karibu kila mara chai ilikuwa yangu. Sikuwahi kukasirika, yule mtu alikuwa na utani mtamu.

Siku hiyo tuliitwa Kikopey, bucha moja ilikuwa imeshika moto, watu wamejaa wanakula nyama. Baba Neema alikuwa amesimama, mguu mmoja ndani ya suruali, mkono umeshika kiti cha dereva. Akaniambia, "Abiria, hata leo chai ni yako." Lori likaingia barabarani mbele yetu. Dereva akalikwepa, gari letu likatoka lami likalala ubavu. Mimi nilibaki nikining'inia kwenye mshipi, bega limeteguka. Yeye nilimwona akipita mbele ya uso wangu. Zaidi ya hapo sitaeleza. Na huko Kikopey moto ulikuwa umeshazimwa na watu wa bucha wenyewe, kwa mchanga na maji. Hata hatukuhitajika.

Kwenye mazishi mkubwa wetu alisimama akasema marehemu amekufa akipigana na moto. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, nikala na chakula nikamaliza sahani. Tangu siku hiyo maneno hayo yamekuwa ndiyo ukweli. Neema, mtoto wake mkubwa, aliniuliza, "Auntie, Daddy alikuwa anatoa watu kwa moto, si ndio?" Nikatikisa kichwa kukubali.

Sasa Jumapili kuna ibada ya kumkumbuka. Mama Neema alikuja kwangu na chai kwenye thamosi, akakaa kitandani. "Wewe ndiye ulikuwa na yeye mwisho," akasema. "Utashika maiki utuambie vile alipambana. Mamake anatoka kwao Western, anakuja kukusikia tu wewe." Nikamwambia sawa. Mkubwa naye akaniita pembeni: "Madam, tusifungue kidonda. Hero ni hero. Wewe ongea vizuri, umalize, ukae chini."

Ningesema tu wanavyotaka, maana marehemu hasemwi vibaya. Lakini kuna kitu kilitokea wiki iliyopita. Tuliitwa upande wa Longonot na lile gari letu la pili. Aliyeletwa kuchukua nafasi ya Baba Neema akasimama kuvaa suruali. Nikamwambia, "Boss, kaa kwanza ufunge mshipi." Akacheka. "Kumbe ndio wewe Abiria! Wameniambia." Wote wakacheka, na dereva ni yule yule wa siku ya ajali. Sikusikia hasira. Sikusikia chochote. Nikapitisha mkono nyuma ya kiti chake nifungue mshipi, na vidole vikakutana na fundo la Baba Neema. Ndiye alitufundisha mafundo, nalijua lake hata gizani, ncha aliizungusha mara mbili. Sikuweza kulifungua. Nililishika tu hivyo mpaka tukafika. Yule bwana alifika salama, amesimama, amevaa. Tuliporudi chai nilinunua mimi.

Jumapili kikosi chote kitakuwa kanisani na sare, kimya, wakinisikiliza mimi. Sioni siku nyingine watakaponisikiliza. Nikisema ukweli pengine watafunga mishipi. Lakini kwenye benchi la mbele watakuwa wamekaa mama yake, pamoja na Mama Neema na yule mtoto niliyemtikisia kichwa. Watajua mtu wao hata moto hakuuona.

Nyinyi mliofiwa, mngetaka kuambiwa? Na nyinyi ambao waume zenu wako kwenye magari haya sasa hivi, mngetaka ninyamaze? Kesho niko zamu, na fundo bado liko nyuma ya kile kiti. Niambieni, nikipewa hiyo maiki niseme nini?