Harufu ya Mama Irambona

Pwa! Mlio mdogo tu, wa kinywa kikiachia titi, lakini Gloriose alitoka nao nyumbani Doonside, huku ughaibuni, akapanda nao treni, akaingia nao kazini, kwenye nyumba ya wazee ya St Marys. Tangu juzi Irambona, bintiye wa miezi mitano, alikuwa akiligusa titi, anakunja uso, kisha pwa! anageukia ukuta kama mtu aliyetukanwa. Chupa anaikubali. Mama anamkataa.

Ngozi ndiyo iliyoanza. Kunawa baada ya kumhudumia kila mzee kulimpasua mikono, na baridi ya Julai ikamkausha hadi kifuani. Salvator, mumewe, akamletea krimu kutoka maduka ya Merrylands, inanukia maua; akajipaka kila mahali. Kisha mama mkwe, Léocadie, akamwomba binti wa jirani amsomee maandishi ya kopo. Akakamata neno moja.

"Asidi, Gloriose! Kama ile ya betri! Kule kambi ya wakimbizi niliiona ikitoboa suruali ya fundi redio. Nawe unamwekea mtoto kinywani?"

Toka hapo Gloriose hakutulia. Akiketi, anainuka. Akiinuka, hajui aendako.

"Mama Ira," Waceke, nesi Mkenya wa zamu yake, alimwambia, "hicho kitanda unakitandika mara ya tatu. Mzee atadhani anahamishwa."

Gloriose akatoa kopo mfukoni, akaeleza. Waceke akasoma, akaanza kucheka, akaona macho ya mwenzake, akaacha.

"Sikia, dada. Hizi ni asidi amino. Ndizo zinazojenga protini. Zimo kwenye maharage uliyokula jana, zimo hata kwenye maziwa yako. Kwenye krimu hazimdhuru anayenyonyesha, wala mjamzito. Za kuogopa ni krimu za kuchubua ngozi, na dawa zake sizioni hapa."

"Basi mbona ananikataa?"

Waceke akafungua kopo, akanusa, akapiga chafya. "Wewe ungenyonya duka la manukato? Kifuani usipake. Jioshe kwa maji matupu. Akigoma tena, mpeleke kliniki kesho, usingoje."

Jioni treni ilijikokota makusudi, au ndivyo alivyoona. Nyumbani alipita bila salamu, akaoga, akajifunga kitenge cha kambini, kilichofuliwa hadi kikasahau rangi zake.

Léocadie alimngoja mlangoni, mtoto mkononi. "Na ile asidi?"

"Imo kwenye maharage, Mama."

Bibi akageuka, akaitazama sufuria jikoni kwa mashaka.

Gloriose akampokea mtoto. Irambona akakunja uso. Mama akazuia pumzi. Kipua kikatembea shingoni, kikashuka, kikasimama, kikarudi nyuma, kikashuka tena. Kisha kinywa kikashika, kikavuta, kikavuta tena, na mlio ule aliokuwa akiungoja haukuja.

"Ni mimi," alinong'ona.