Ukurasa wa Tisa Si Wangu

Barua ilimfikia Zihindula Honoré saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, akiwa amesimama uani shuleni na vumbi la chaki mikononi. Aliisoma kwenye simu mara ya kwanza akadhani wamekosea mtu. Alipoisoma mara ya pili, mori ulimpanda hadi masikioni. Chuo kimoja cha Ulaya, ambako alikuwa akisomea masters ya falsafa kwa njia ya mtandao na sasa yuko mwaka wa pili, kilimjulisha kwa adabu nyingi kwamba kazi yake ya muhula, kurasa kumi na sita, ilipitishwa kwenye programu ya ukaguzi. Programu hiyo imeona kwamba asilimia tisini na moja ya kazi imeandikwa na mashine. Ajitokeze mbele ya kamati, kwa video, baada ya siku tisa. Akionekana na hatia, atapata sifuri na mwaka mzima umepotea. Akionekana amesema uongo mbele ya kamati, anafukuzwa.

Kazi yenyewe walikuwa wameiambatisha, na sehemu zilizoshukiwa zimepakwa njano. Honoré alipitisha kidole kwenye kioo, ukurasa baada ya ukurasa, karibu njano tupu. Kengele ililia, wanafunzi wakaingia darasani, naye bado amesimama pale pale.

Ili mtu aielewe hasira yake, sharti ajue Kifaransa alichoandikia kazi hiyo kilimgharimu nini. Honoré alizaliwa upande wa Bukavu, na akiwa na miaka kumi na miwili aliingizwa seminari ndogo, hajui Kifaransa zaidi ya salamu. Huko, mtoto aliyenaswa akisema Mashi, lugha ya kwao, uani alivikwa kipande cha ubao shingoni, na aliyelala nacho ndiye aliyesugua vyoo asubuhi. Wiki ya kwanza Honoré alisugua vyoo mara tatu. Baada ya Noeli hakuvisugua tena. Alikuwa amejifunza kusema kama vitabu vya mapadri, sentensi ndefu zilizonyooka, zisizo na mkato wala mzaha, na kila hoja aliitangulizia maneno «il sied de relever que», inafaa kubainisha kwamba. Upadri ulimshinda, Kifaransa hakikumshinda. Akahamia Goma, akamwoa Clarisse, na kwa miaka ishirini na mmoja amewafundisha falsafa watoto wa darasa la sita la sekondari hapa mtaa wa Mapendo. Wanafunzi humwigiza nyuma ya mgongo wake, na yeye anajua, na moyoni hufurahi.

Sasa watu walioleta Kifaransa hicho, wakakitia kichwani mwake kwa ubao wa shingoni, wanamwambia kwamba ni safi mno kuwa cha mtu!

Mchana ule ule alikaa nyumbani akaandika jibu. Clarisse alimwekea chakula mezani, kikapoa.

"Papa Rodrigue, ngoja kwanza," Clarisse alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Kula, lala. Kesho njo utabajibu."

"Sitangoja! Banasema miye niko mashine, na weye unasema nikule?"

"Minasema ngoja. Barua ya hasira haina frein, haisimamake."

Hakumsikiliza. Jibu lake lilikuwa la kurasa tatu, na katikati yake aliweka kiapo: mbele ya Mungu na watu, kila neno la kazi hii, la kwanza hadi la mwisho, limetoka mkononi mwangu. Akabonyeza kutuma, kisha akala chakula baridi na kukiona kitamu.

Ushahidi alikuwa nao. Honoré hana kompyuta. Husoma masomo yake kwenye simu alfajiri, akitumia laini ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, kwa sababu ndiyo yenye mtandao wa kueleweka, na huandika kwa kalamu mchana, darasani, wanafunzi wakishaondoka. Anapomaliza, huzipeleka karatasi kwa Kahambu Rosette, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na shule. Goma nzima hufanya hivyo. Mtu anaandika kazi yake ya kumaliza chuo kwa mkono, anampelekea mchapaji, na siku ya pili inatoka imenyooka, ina jedwali la yaliyomo na ukurasa wa shukrani kwa Mungu na kwa wazazi. Mchapaji ndiye anayejua kompyuta. Na akikuta kosa analisawazisha mwenyewe, wala hakuna mwalimu aliyewahi kuuliza.

Jumamosi Honoré alitandaza karatasi zake zote mezani. Clarisse alishika simu akisoma sehemu za njano, yeye akafuata kwa kidole kwenye mwandiko wake. Neno kwa neno vilifanana. Hata mahali alipokata sentensi na kuiandika upya juu yake palionekana. Honoré akaanza kupiga mluzi.

Walipofika ukurasa wa tisa, Clarisse aliacha kusoma.

"Hapa hakuna jaune, ile njano yabo," alisema. "Lakini hapa unaongea juu ya maembe."

"Maembe gani?"

Alimnyang'anya simu. Ukurasa wa tisa ulikuwa mweupe, hauna doa, na ulianza hivi: tuchukue mfano wa mama Mwafrika katika soko lenye rangi na shangwe, anayemhakikishia mteja kwamba maembe yake ni matamu. Je, mteja anajua, au anaamini tu? Ukaendelea hivyo hadi chini, mama anacheka, mteja anacheka, jua linawaka. Goma hii, ya baridi na mawe meusi, ambako soko zima ni viazi, kabichi na vitunguu vya majani, na mvua! Pembeni, profesa aliyeisahihisha kazi alikuwa ameandika maneno machache ya pongezi, ya pekee katika kurasa kumi na sita: "Hapa hatimaye tunaisikia sauti yako mwenyewe. Endelea hivi."

Honoré aliisoma pongezi ile, akaiweka simu mezani.

Akapekua karatasi zake. Ya tisa ilikuwa pale, lakini wino wake ulikuwa umeyeyuka wote, upande wa mbele na wa nyuma, ukabaki ukungu wa buluu. Hapo akakumbuka ile asubuhi ya mwisho, alivyozipeleka kwa pikipiki chini ya koti huku mvua ikimwagika, akaziacha kwa Rosette na kukimbilia kusimamia mtihani. Alirudi kibandani zikiwa zimebaki dakika tano kufika saa sita mchana, saa ya mwisho ya kupokelewa. Jenereta lilikuwa linakohoa. Alimwambia Rosette atume, Rosette akatuma. Hakusoma hata mstari mmoja.

Alimkuta Rosette kibandani akibana karatasi za mteja. Ni msichana mchapakazi, wa miaka ishirini na saba, na hakuna anayemfikia kwa kasi ya vidole. Honoré alimwonyesha ukurasa bila salamu.

"Prof, nilikuita mara tatu!" Rosette alisema. "Téléphone yako ilikuwa imefungwa. Ile karatasi ilikuwa maji tupu, sikuona hata neno. Na weye ulisema saa sita ikipita banakataa. Ningefanya nini?"

"Ulifanya nini, Rosette?"

"Niliuliza intelligence ya mu téléphone, ile mashine yenye inaandikaka. Niliiandikia ya nane na ya kumi, ikajaza ya katikati. Batu ba mémoire, ile kazi ya kumaliza chuo, minabafanyiaka hivyo kila siku, hakuna hata mumoja mwenye alianguka." Akamtazama usoni. "Ilitoka mubaya?"

"Hukuniambia!"

"Ulikuwa na haraka, Prof. Kisha nikasahau. Unisamehe."

Alitaka kumfokea, na angemfokea, lakini aliyetia jina lake kwenye kazi bila kuisoma hakuwa Rosette. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikaa kwenye benchi la wateja, akamwonyesha barua ya chuo na kurasa za njano. Rosette, aliyekwisha kuelewa barua ile ilivyo nzito, akamletea njia ya kutokea.

"Onyesha zile za jaune tu. Ya tisa, baambie mvua iliiharibu. Si ni kweli?"

Ndiyo, ilikuwa kweli. Karatasi kumi na tano zingemsafisha. Moja tu, ya tisa, ilikuwa imelowa, hata mtoto angeona, na ukurasa wa tisa ndio pekee ambao hakuna mtu Ulaya aliyeutilia shaka. Angenyamaza tu, angeshinda. Na akisema, kile kiapo cha barua yake kinageuka uongo wa maandishi, wenye sahihi yake.

Alipomweleza Clarisse, hakupata msaada aliotarajia. "Kazi yako inaongea juu ya nini?" Clarisse aliuliza.

"Juu ya ushuhuda. Kama mutu anaweza kujua kitu kwa sababu tu mwingine alimuambia."

"Sasa weye unataka bakuamini na ukiwa unaficha?" Akaondoka kwenda kuchambua maharage yake.

Siku ya kamati alikaa kibandani kwa Rosette, mbele ya kompyuta, amevaa koti la arusi. Rosette alikuwa amezima mashine ya fotokopi na kufunga mlango nusu. Kwenye skrini walitokea watu watatu: mwenyekiti, katibu, na yule profesa wa pongezi, mama mwenye sura ya upole. Honoré aliwaonyesha karatasi mbele ya kamera, moja baada ya nyingine, na njano yote ikafutika mbele ya macho yao. Mwenyekiti aliinamisha kichwa akiandika. Profesa alitabasamu.

"Basi nadhani tumeelewana," alisema mwenyekiti.

"Bado," alisema Honoré, kwa Kifaransa chake kile kile. "Inafaa kubainisha kwamba ukurasa wa tisa si wangu. Mvua iliufuta, mchapaji wangu akaujaza kwa mashine, nami nikautuma bila kuusoma. Nilipoapa sikujua. Sasa najua. Mlichokiita mashine ni mimi. Mlichokiita sauti yangu ni mashine."

Profesa alivua miwani. Kisha akauliza, kwa upole kweli, ukurasa wa asili ulisema nini.

Honoré akawasimulia. Kuna mkulima wa Kibumba, nje ya Goma, Habarurema Ézéchiel, aliyekimbia vita akapanga chumba katika kiwanja cha Honoré kwa mwaka na zaidi. Aliporudi kwao alikuta mtu mwingine amepanda viazi kwenye shamba lake. Karatasi hana, babu yake hakuwa nayo. Mpaka wa shamba, mtaro, waliuchimba wanaume wanne siku moja, na neno lao ndilo lililokuwa hati. Wawili wamekufa, mmoja yuko Uganda hajulikani wapi. Amebaki mmoja, mzee, ambaye kila anapokohoa Ézéchiel hushtuka. "Nikauliza katika ukurasa huo," alisema Honoré, na sauti ilianza kumpanda, "kama shamba linakuwa lake kidogo zaidi kila shahidi anapokufa. Kama ukweli unapungua, au ni sisi tunaopungua."

Alijua amesema vizuri. Hata Rosette, asiyejua ushuhuda wa kifalsafa ni nini, alikuwa ameacha kutafuna bazoka.

"Inavutia sana," alisema profesa. "Je, kisa hiki kimechapishwa mahali? Kuna chanzo tunachoweza kukihakiki?"

Damu ikamchemka Honoré, na safari hii hakuizuia.

"Yule mama wa maembe, Madame, mlimtaka chanzo?"

Mwenyekiti alisema muda umekwisha, na kwamba uamuzi utatumwa kwa maandishi.

Ulikuja baada ya siku tatu. Hafukuzwi, kwa sababu alijisema mwenyewe. Sifuri inabaki, kwa sababu ya ukurasa wa tisa, na mwaka ataurudia. Kazi aiandike upya, na kila mfano uwe na chanzo. Juu ya njano ya kurasa zile nyingine hapakuwa na hata neno moja la pole. Honoré aliipiga meza ngumi, kikombe kikaruka, na Clarisse hakumwambia angoje.

Mwaka uliofuata alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta ya Rosette. Alichapa kwa vidole viwili, alasiri nne mfululizo, na Rosette alikatazwa kugusa hata kitufe kimoja, akawa anajikunja pembeni kila Prof alipotafuta herufi. Hakufuta sentensi hata moja ya mapadri. Ukurasa wa tisa aliuandika upya wote, shamba, mtaro, wanaume wanne. Chini yake, mahali pa chanzo, ambapo wengine huweka kitabu na mwaka, aliandika: Habarurema Ézéchiel, mkulima, Kibumba. Aliniambia kwa kinywa chake. Mwenye shaka aje amuulize, na aje upesi.