Vijiti vya Mama Wema

Ukifika Bangwe, kule kando ya ziwa, ukamuulizia Marcelina, utaulizwa Marcelina yupi. Sema Mama Wema wa vijiti, na bodaboda atakupeleka hata akiwa amefumba macho. Kijiti ni donge la muhogo uliochemshwa na kupondwa, likachanganywa na dagaa waliokaangwa na kutwangwa, kitunguu na pilipili, likachomekwa kwenye kijiti na kukaangwa kwa mawese. Ni kilaini. Bibi asiye na jino hata moja anakula vinne na kuulizia cha tano. Siku hizi vinauzwa mpaka Gungu na kule stesheni, na kila muuzaji anaapa kwamba alifundishwa na Mama Wema mwenyewe. Wengine hata nyumba yake hawaijui.

Watu walishamuuliza zamani kwa nini akaweka kijiti, naye alikuwa na jibu moja. "Ili mafuta yasichafue mikono." Wakaridhika, maana mawese yakikushika kidoleni, mpaka shati linapata habari. Lilikuwa jibu zuri. Kasoro yake ni kwamba halikuwa la kweli.

Kweli ilikuwa kwa mumewe, Jeremia Ntirampeba. Kwa miaka thelathini Jeremia alikuwa fundi wa injini za boti pale ufukweni. Alikuwa mtu wa maneno machache na oili nyingi, na Marcelina alifua mashati yake kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka. Halafu asubuhi moja, miaka tisa iliyopita, kiharusi kikampiga akiwa anafunga viatu. Mguu ukapona, ulimi ukarudi. Mkono wa kulia haukurudi.

Wanaume wa mtaa ule wana desturi ya kula jioni kwenye baraza la jirani. Kila mmoja anatoka na sahani ya kwake, wananawa, wanakula pamoja. Jeremia akaacha kwenda. Mara ana mafua, mara ameshakula, mara amefunga, yeye Mkatoliki ambaye hata Kwaresima ilikuwa ikimshinda. Kwamba mkono umelala, wenzake walijua. Hilo halikuwa siri. Lakini kujulikana ni kitu kimoja, na kutia mkono wa kushoto katika sahani ya watu huku kila mmoja akijitia haoni ni kitu kingine. Kijiko hakukitaka, alisema kijiko ni cha mtoto na mgonjwa. Akawa anakula peke yake chumbani, amegeukia ukuta, na akakonda mpaka koti likawa kama la kuazima.

Marcelina hakuwa na la kufanya, na mwanamke yule kukaa bila la kufanya humuuma kuliko jino. Siku moja akitoka sokoni akapita penye jiko la mishkaki. Wanaume sita wamesimama, soda mkono huu, mshikaki mkono ule. Watatu kati yao walishika mshikaki kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemtupia mwenzake jicho, kwa sababu vidole havikugusa chakula. Marcelina akaganda pale mpaka muuzaji akamuuliza kama anataka nyama au amekuja kukagua wateja.

Nyama ingemtesa mumewe, maana taya la kulia nalo lilikuwa bado dhaifu. Akarudi nyumbani, akachukua njiti za makuti ya mchikichi, zile za kutengenezea fagio, akazikata na kuzichonga ncha. Muhogo ulikuwapo, dagaa Bangwe huna haja ya kuwatafuta. Mara tatu madonge yakamvunjikia ndani ya mafuta. Mara ya nne akaongeza unga kidogo, yakashika. Jioni ile akampa Jeremia sahani yenye vijiti ishirini.

"Wapelekee wenzako waonje," alisema. "Nataka kuanza biashara."

Hakuwa anataka kuanza biashara yoyote. Jeremia aliitazama sahani kwa muda, akamtazama mkewe, akaibeba kwa mkono wake mzima, akatoka. Alirudi baada ya saa mbili na sahani tupu, akinuka tumbaku ya watu. Marcelina alikwenda uani akalia kwa furaha, kisha akaosha ile sahani. Yeye na mumewe hawakulizungumza jambo hilo siku ile wala siku nyingine. Kesho yake wake za wale wanaume wakaja mmoja mmoja kuuliza vile vitu vinapikwaje, na hivyo ndivyo biashara ya uongo ilivyogeuka biashara ya kweli.

Sasa tuje kwa Mwalimu Castory Hatungimana, anayefundisha darasa la pili. Vitabu vya picha vilivyopo shuleni kwake vina watoto wanaokula vitu ambavyo wanafunzi wake hawajawahi hata kuvinusa. Castory akasema atatunga cha kwao, kuhusu chakula cha kwao na mama aliyekibuni. Akamtafuta Bariki, yule anayechora mabango ya saluni, wakakaa nacho mwaka mzima. Alipomuuliza Marcelina kwa nini kijiti, akapewa jibu lilelile la mafuta.

Jumamosi asubuhi akaja na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ndani."

Kurasa za mwanzo zilimfanya Marcelina acheke kama msichana. Bariki alikuwa amemchora mwembamba, na hilo peke yake lilitosha kumsamehe mambo mengi. Halafu Castory akafika ukurasa wa tano, akasoma kwa sauti ya darasani: "Babu Jeremia hapendi mikono michafu. Akiona mafuta, anakimbia." Pichani alikuwapo mzee wa shati jeupe, ameinua mikono yote miwili juu, anaikimbia sahani ya dagaa huku kuku wakimcheka.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Marcelina ilikuwa imeishia hapo, sebuleni kwake. Uongo aliousema ili kumficha mumewe ulikuwa umemfanya kichekesho. Na wa kulaumiwa si mwalimu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Castory alihitaji sababu ya mtu kuogopa mafuta, akatunga mtu anayeogopa mafuta. Kwamba mtu huyo alishinda miaka thelathini na oili mpaka kwenye viwiko, angejuaje, naye ni mgeni wa juzi kutoka Kasulu?

"Soma tena hapo," alisema Jeremia.

Castory akasoma tena, kwa madaha zaidi, akidhani amefurahisha.

"Ego," alisema Jeremia, yaani ndiyo. "Imekaa vizuri."

Mwalimu akaziacha karatasi wazitazame kwa nafasi. Jumatatu angepita kuzichukua, maana zilikuwa zinasubiriwa Dar es Salaam kwa kuchapwa.

Mlango ulipofungwa Marcelina akasema, "Baba Wema, nitamwambia ukweli abadilishe."

"Usimwambie kitu."

"Wanakucheka."

"Waache wacheke. Mtoto anayenicheka leo, kesho amesahau. Anayenionea huruma ataniamkia kwa huruma mpaka nife."

Marcelina akamwambia mficha uchi hazai. Jeremia akamjibu kwamba wao walishazaa watano, methali hiyo awapelekee vijana. Ndivyo anavyofunga mazungumzo, mzee yule, akishaona anashindwa.

Jumapili Marcelina alikwenda kanisani na hakusikia hata neno moja la mahubiri. Kitabu kile alikuwa anakitaka, tusidanganyane. Hajapita darasa la tatu, na kulikuwa na karatasi kumi na sita zenye jina lake kwa herufi kubwa. Alikuwa ameshachagua kitenge cha kuvaa siku ya kukizindua shuleni. Lakini kila akifumba macho asali, anamwona yule mzee wa shati jeupe anakimbia. Siri haikuwa yake, hangeweza kuitoa. Kitabu kilikuwa chake kidogo, hicho angeweza kukizuia.

Jumatatu Castory alipokuja, Marcelina aliweka sahani ya vijiti mezani kama mgeni anavyostahili, akamrudishia mfuko wake wa nailoni kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nakuomba unisamehe. Kitabu hiki kisichapwe."

Castory akadhani hakusikia vizuri. "Kisichapwe? Kuna kosa, Mama? Nitalirekebisha."

"Kosa lipo, na siwezi kukwambia ni lipi. Tafuta mama mwingine, wapo wengi. Mimi niondoe."

"Mama, tumekaa nacho mwaka mzima. Watoto nimeshawaambia."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakuomba msamaha."

Mwalimu akazitazama karatasi zake. Alikuwa kijana mpole, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa. Marcelina alisimama palepale, mikono imefumbata khanga, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwaga sufuria ya chakula cha sherehe kwa hiari yake. Jeremia alikuwa kwenye kiti chake, akimtazama mkewe. Alimtazama hivyo mara moja tu kabla ya hapo, siku ya ile sahani ya vijiti ishirini.

Akavuta meza karibu. Akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto, akakibana kwa meno, akalichomoa donge kwa vidole vya mkono uleule. Kijiti akakitemea pembeni. Akalikata donge kwa vidole, akala. Mawese yakamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akautia tena mkono wa kushoto katikati ya sahani, mbele ya mgeni, akachukua la pili.

Castory ni mtoto aliyelelewa, akainamisha macho.

"Usitazame chini, Mwalimu," alisema Jeremia. "Tazama hapa. Huu wa kulia umelala miaka tisa. Nilikuwa naona haya kula na watu, nikawa nakula na ukuta. Mama Wema akanichongea vijiti nirudi barazani. Mafuta hayahusiki. Mwambie Bariki anichore hivi."

"Na watoto wakiuliza, Mzee?"

"Si ndiyo kazi yako?"

Castory akaiweka chini kalamu aliyokuwa ameishika, akanawa, akachomoa donge lake kwenye kijiti, akala kutoka sahani ileile.

Kwa kawaida Marcelina huwaacha wageni waendelee kula, yeye akarudi jikoni. Siku hiyo alivuta kigoda akaketi. Miaka tisa hakuwahi kumwona kwa macho yake mumewe akila na mtu, na alitaka kuona mpaka sahani iishe.