Maji Yaliyowaka Kila Machi

Miaka sita Tsonka hakumsalimia Daktari Raycheva, na alikuwa na haki. Mtu kasafisha ghorofa ya tatu ya maabara ya saratani mjini Pleven tangu mashine ziko kwenye maboksi, halafu Machi moja daktari huyo anamwita mbele za watu: "Tsonka, uchafu wako umetuharibia vipimo. Nenda chini ukafue."

Mashine yenyewe si ya mchezo. Inaigawa damu ya mgonjwa vitone elfu ishirini, kila kitone kinapimwa peke yake, na chenye chembe ya saratani kinawaka. Pembeni wanapima na maji matupu, ambayo hayatakiwi kuwaka kabisa. Siku ile yaliwaka. Majibu yakatupwa, wagonjwa wakaitwa kutolewa damu upya, na lawama akabebeshwa mwenye ndoo.

Machi iliyofuata maji yakawaka tena.

"Mimi niko huku shimoni na mashuka," Tsonka akamwambia mlinzi. "Au napiga chafya inapanda ghorofa tatu?"

Hakuna aliyemwomba radhi. Walisema ni hewa. Hewa gani hiyo, Machi chafu, Aprili safi?

Mwaka wa sita, huko huko kwenye chumba cha kufulia ndiko alikogundua. Kwenye chumba safi, wanakotayarisha vipimo, huingii mpaka ubadili koti, viatu na glavu. Sasa mbona koti moja la chumba hicho linaletwa likiwa na doa jekundu ndani ya mkono wa kulia? La Raycheva tu, tena Machi tu. Tsonka akacheka peke yake kama kichaa. Huku kwetu Machi sote tunafunga martenitsa mkononi, uzi mwekundu na mweupe unaochuja rangi, na huuvui mpaka umwone korongo au mti uliochanua. Nani ataufungua kabla, ajiitie mkosi? Daktari mzima alikuwa anabadili kila kitu isipokuwa uzi. Anatoka nao chumba wanakozalisha vinasaba vya saratani, anaingia nao chumba safi umebeba chembe.

Akalipeleka koti kwa Bozhura, fundi mpya wa mashine, binti asiyeogopa mtu.

"Mama, una hakika?"

"Mwanangu, mimi ndiye ninayefua. Upime huo uzi."

Bozhura alipomwomba Raycheva mkono, daktari alidhani ni utani, akaunyoosha, naye Bozhura akausugua uzi kwa pamba. Ile pamba ilipopimwa, vitone viliwaka kama mji siku ya sikukuu.

Asubuhi wakamwita Tsonka juu. Wafanyakazi wote walikuwepo ukumbini.

"Tsonka, ilikuwa bahati mbaya," Raycheva akaanza.

"Bahati mbaya ni kuteleza. Mimi ulinifukuza huku juu."

"Basi nilikosea. Hukuharibu kitu."

"Kwa sauti, daktari. Wale wa nyuma hawajasikia."

Akarudia kwa sauti, uso umemwiva kama nyanya. Halafu akatoa mkono. "Yameisha?"

"Kwako yameisha," Tsonka akasema. "Jumatatu narudi kwenye ghorofa yangu. Ukinikuta kwenye ngazi, pita upande wako."